Kabula Karudi, Hakuna Aliyempa Maji

Mwezi uliopita nilikwenda Mwanza kwenye harusi ya mpwa wangu kule Buswelu. Kesho yake, nikiwa natafuta kivuli katikati ya mji, nikasimama mbele ya kijana aliyetandaza vitabu chakavu juu ya turubai. Kati ya vitabu vya kemia na vya dini nikaona jalada ninalolijua: binti mwenye shanga shingoni, na nyuma yake jabali lenye macho mawili mekundu. Ufalme wa Majabali, Sehemu ya Nne. Kijana akaona nimeduwaa. "Chukua hiyo, mama. Hiyo ndiyo kali kuliko zote," akasema. Nikamwambia hajui analosema. Akacheka, akadhani natafuta kupunguziwa bei.

Sikuwa natafuta kupunguziwa bei. Nina ugomvi na kitabu kile tangu nikiwa darasa la tano, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kusikiliza, ngoja nikueleze.

Tulikaa Kirumba, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe pande tatu, kama zilivyo nyumba nyingi za Mwanza. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha nguo, mwaka ule walipopunguza watu wengi kwa mpigo, akawa anashinda kwenye kijiwe cha bao akisubiri kuitwa tena. Hakuitwa. Mama akaingia kwenye dagaa. Alizinunua mbichi soko la Mwaloni, tukazianika juu ya mawe bapa nyuma ya nyumba, na kazi yetu watoto ikawa kufukuza mwewe na kuchambua mchanga na vikonokono. Harufu ile iliingia kwenye nywele, kwenye sare za shule, mpaka kwenye uji. Wenzetu walitutania darasani, na sisi tuliwajibu kwamba wao wananuka njaa.

Dada yangu mkubwa alikuwa amemaliza darasa la saba na kupata kazi ya kukata minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja kati ya vile vilivyoota ufukweni siku zile. Ni yeye aliyeleta Ufalme wa Majabali nyumbani. Wakati ule kila kitu kilikuwa kimefunguliwa: mitumba, redio mpya, magazeti ya kila rangi, na vijitabu vya hadithi vilivyochapwa kwenye karatasi duni iliyoacha wino vidoleni. Mwandishi alikuwa wa Dar es Salaam. Sidhani kama aliwahi kufika kwetu, lakini alijua kitu ambacho watoto wote wa Mwanza wanakijua, kwamba mawe yale hayakukaa vile bure. Katika hadithi yake majabali ya kando ya ziwa ni watu wa kale waliolala, na anayeweza kuwasikia wakikoroma ni binti wa mfalme aitwaye Kabula. Chini ya maji kuna Mfalme wa Vilindi, mwenye wivu, anayetaka kuizamisha nchi kavu yote.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, dada alikaa juu ya jiwe lenye kivuli na kusoma. Sisi tulichambua dagaa huku tukisikiliza. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kwetu kutoka upande wa Bujora miguu ilipoanza kumsumbua, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni tu. Kwa hiyo dada alisoma ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kisha akausimulia upya kwa Kisukuma. Siri yangu ni hii: tuliopenda Kisukuma chake tulikuwa wengi kuliko tuliopenda kitabu. Mahali mwandishi alipoandika kwamba maji ya ziwa yakapwa, mashua zikabaki mchangani hadi jioni, dada alisimama akatutazama. "Hapa kakosea, tumsamehe," akasema, "kazoea bahari." Akaendelea bila kupwa.

Mwisho wa Sehemu ya Tatu, Kabula anaingia ziwani mwenyewe na kugeuka jiwe ili azibe mlango wa Mfalme wa Vilindi. Nchi inapona, yeye anabaki chini ya maji. Dada aliusoma ukurasa ule mara mbili. Alipomaliza kumsimulia bibi, bibi aliuweka chini ungo wa dagaa akasema, "Basi. Leo hakuna kazi." Kwao kijiji kikifiwa watu hawaendi shamba, na yeye hakuona sababu ya kumnyima binti yule heshima hiyo kwa kuwa alikufa kitabuni. Tukakaa kimya. Kinu hakikusikika, hata redio ya baba ilizimwa.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kihaya aliyeuza mitumba, akaona ua wetu umenyamaza namna ile. Akaja na bakuli la unga na kanga mabegani.

"Poleni jamani. Nani tena?"

"Kabula," bibi akajibu.

"Kabula yupi? Yule wa kule Kisesa?"

Dada akamwonyesha kitabu. Mama yule alitutazama mmoja mmoja, akatazama unga wake, na nilifikiri atatutukana. Badala yake akakaa. "Haya, nianzieni mwanzo," akasema, "nijue ninamlilia nani." Unga hakuurudisha kwake. Tangu siku hiyo akawa shabiki kuliko sisi.

Sehemu ya Nne ilikawia. Kabla haijafika, dada yangu alishikwa na homa. Alirudi mapema kutoka kazini akajilaza, na asubuhi hakuweza kusimama. Walimpeleka hospitali akiwa amefunikwa blanketi la baba, mimi nikabaki kulinda dagaa. Hakurudi. Sitakueleza msiba. Majirani walikuja na unga, na safari hii hakuna aliyeuliza ni nani. Alizikwa upande wa Bujora, kwa babu.

Baada ya hapo nyumba ikawa na utaratibu mpya ambao hakuna aliyeutangaza. Jina la dada halikutajwa. Vitabu vyake mama alivifunga kwenye kanga akavisukuma uvunguni. Mama hakulia, wala siku ya mazishi hakulia, na shangazi zangu walianza kunong'ona kwamba si vizuri, kwamba kilio kikikaa ndani kitamuua. Alifanya kazi tu. Alinunua, alianika, aliuza, alipika, na ukimwuliza kitu alikujibu kwa kichwa. Usiku nilisikiliza kama anapumua. Nilikuwa na hofu moja tu maishani wakati ule, kwamba mama naye anakwenda, isipokuwa yeye anakwenda polepole na mbele ya macho yetu.

Ndipo jirani alipokuja na Sehemu ya Nne. Alikuwa ameipata mjini. Jalada lilikuwa linang'aa, si kama yale ya zamani, maana mwandishi alishajulikana. Alisimama katikati ya ua akiwa na aibu ya mtu asiyejua kama alicholeta ni zawadi au ni kosa. Bibi ndiye aliyemwokoa. Alinielekeza kwa kidevu. "Huyu anasoma vizuri. Mpe."

Nikakaa kwenye jiwe la dada. Mama alikuwa upande wa pili wa ua, ametupa mgongo, anageuza dagaa. Nikasoma. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kumsifu mfalme, wa pili majeshi yalikuwa yanapangwa, na wa tatu ukawa na sentensi hii, naikumbuka mpaka leo: "Ndipo Kabula akarudi akiwa hai, na vita ikaanza."

Hivyo tu. Wadogo zangu wakaruka. Jirani akapiga vigelegele. Mimi nilikifunga kitabu. Ndugu yangu, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Kabula mchana ule. Nilimchukia yeye, nikamchukia na mwandishi aliyemtoa ziwani kirahisi namna hiyo wakati wa kwetu tumemwacha chini ya udongo. Nikasema kwa sauti kwamba mtu huyu ni mwongo na sisomi tena. Vigelegele vikafa. Jirani akashika mdomo wake, kwa maana sasa alielewa alichokuwa akikishangilia, na mbele ya nani.

Bibi hakuwa ameelewa Kiswahili chote, akataka nimwambie. Nikamwambia kwa Kisukuma: Kabula amerudi. Nilitegemea akasirike kama mimi.

"Amerudi saa ngapi?" akauliza.

Nikasema kitabu hakisemi.

"Nani alimfungulia?"

Hakisemi.

"Wamempa maji? Mtoto ametoka huko alikokuwa, hajapewa hata maji ya kunywa?"

"Bibi, wameanza vita."

"Ah!" Alisonya. "Huyu mwandishi hajawahi kuzika mtu. Aliyezika hawezi kupita hapo haraka hivyo. Angekaa hapo kitabu kizima."

Nimesoma maoni mengi ya wataalamu juu ya vitabu, na yangu mwenyewe nimeyaandika. Sijakutana na uhakiki ulioupita huo.

Kisha bibi akaanza kumrudisha Kabula yeye mwenyewe. Alisema ni jioni, watu wako uani. Kabula hapigi hodi, anakohoa tu mlangoni, kikohozi cha uongo, ili watu wageuke. Anagonga mabuti ukutani kutoa magamba ya samaki. Anakwenda moja kwa moja mtungini na kunywa akiwa amesimama, ingawa kila siku anaambiwa akae. Maji yanamdondokea kidevuni. Anawauliza wadogo zake nani amekaa kwenye jiwe lake.

Kitabuni Kabula alikuwa binti wa mfalme, na hakuna binti wa mfalme anayegonga magamba ya samaki kwenye mabuti. Sote pale uani tulijua ni nani aliyekuwa ameingia. Mikono ya mama ilikuwa imesimama juu ya dagaa.

"Wewe mama mtu," bibi akamwita, bila kumtazama. "Amefika na njaa. Unampikia nini?"

Mwewe alishuka akanyakua, na hakuna aliyemfukuza. Nilitaka kumwambia bibi aache, amwonee mama huruma, lakini mama akanitangulia.

"Sipiki kwanza," mama akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelala muda mrefu. "Kwanza namuuliza mbona amechelewa hivi. Namuuliza, ulikuwa wapi mpaka sasa, mimi nimekaa hapa nakusubiri."

Akalitaja jina lake. Akalia. Alilia mpaka akakaa chini kwenye mawe, na jirani akaenda akamshika, na bibi akatuambia watoto tusiende, tumwache. Baba alirudi akakuta dagaa zimeingia umande na hazijafunikwa, akatutazama, akaketi karibu na mama bila kuuliza. Siku zilizofuata mama alianza kujibu kwa maneno. Jumapili moja alivuta kile kifurushi uvunguni, akanipa vitabu vyote vitatu, akasema nisivitie mafuta.

Sasa bibi amelala Bujora, na mama amelala pembeni yake na ya dada. Ile nyumba ya Kirumba imevunjwa, mawe mengine yamepasuliwa kokoto, na pale tulipoanika dagaa pamejengwa gesti yenye vioo vya buluu. Kisukuma changu kimebaki cha kusalimia. Maneno aliyotumia bibi mchana ule siwezi kukurudishia yalivyokuwa, nimekupa maganda tu, na hilo linaniuma kuliko nyumba.

Kitabu nilikinunua. Nimekisoma chote juzi, nikiwa mtu mzima, kwa haki. Ni kibovu. Vita imejaa chumvi, mfalme anahutubia kupita kiasi, ziwa linapwa tena, na Kabula anarudi kutoka kwa wafu kwa sentensi moja ya mtu mwenye haraka. Hayo ndiyo maoni yangu na sitayabadilisha. Ila nimeikazia macho sentensi ile muda mrefu, nikamshukuru mwandishi kwa uvivu wake. Kama angeiandika vizuri, mama yangu asingepata pa kusema.