Simu Niliyoogopa Kuipiga

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyokaa juu ya kreti la soda dukani kwa Bi Zuhura, hapa Mpanda mjini, nikamwambia kwamba nimeachana na masomo ya nyota.

Bi Zuhura hakuwa ndugu yangu wa damu. Sisi ni Wasukuma tuliohamia kijiji cha Kasokola na ng'ombe, na baba alipotafuta mahali pa mimi kukaa ili nisome sekondari mjini, mama huyu ndiye aliyenipa chumba nyuma ya duka lake. Alinilea kama bintiye. Kwa hiyo nilipokwama nilishuka kwenye treni nikaenda kwake kwanza, kabla hata ya nyumbani.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamivu, Afrika Kusini. Kwa darubini ya redio nilifuatilia nyota moja iliyokufa zamani, ambayo bado inajizungusha na kutuma mawimbi kama mapigo ya moyo. Niligundua kwamba mapigo yale hubadilika, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliandika. Utafiti wangu wote ulitegemea jambo hilo. Basi asubuhi moja nikafungua kompyuta, nikakuta watafiti wa Ulaya wamelichapisha. Nyota ile ile, mabadiliko yale yale. Sikumwambia mtu. Nilizima simu, nikafungasha, nikasafiri.

Bi Zuhura alinisikiliza huku akiwapimia watu sukari. Wateja walipoondoka akauliza, "Mwalimu wako amesemaje?"

"Sijaongea naye, mama. Atasema nini? Wenzangu wameshaniwahi."

"Kwa hiyo hajakufukuza."

"Bado."

"Umejifukuza mwenyewe, halafu unakuja kunililia mimi." Hakupandisha sauti. "Mambo ya nyota siyajui, siwezi kukudanganya. Anayejua ni yeye. Washa simu."

Nikasema nitapiga kesho. Akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya ila kwa msiba, akaja kukaa mbele yangu. Nikawasha simu.

Profesa aliyenisimamia alipokea haraka. "Uko wapi? Nimekutafuta mpaka kwa majirani zako." Nilitaka kuomba radhi, nikaishia kulia, naye akasubiri. Kisha akaniambia taratibu, "Wao wametumia darubini nyingine, na wamepata ulichopata wewe. Sasa hakuna atakayesema vipimo vyako vina kasoro. Tena hawajui kwa nini mapigo yanabadilika. Wewe umeshaanza kueleza. Rudi umalizie."

Mwanangu, sijui nikueleze vipi nafuu niliyoipata. Tangu nisome habari ile chakula kilikuwa hakipiti. Siku hiyo nilikula wali wa Bi Zuhura mpaka akacheka. Kesho yake nikaenda Kasokola kumwona baba, ambaye hakujua lolote. "Umekonda, mayu," akasema tu, akiniita mama kwa Kisukuma, akaagiza nichemshiwe maziwa.

Nilirudi, nikaandika, nikatetea tasnifu yangu. Baada ya hapo mambo hayakunyooka tu. Nilifanya kazi za mikataba mifupi kwenye nchi za watu, nikaomba nafasi nyingi nikanyimwa, ndipo nikaajiriwa kuwa mtafiti. Ila kila niliponyimwa, nilimtafuta mtu wa kuongea naye siku hiyo hiyo.

Nyie mnaokwenda vyuoni sasa mna akili kuliko sisi, hilo naliona. Ninachowaomba ni kimoja. Ukipata habari mbaya, usijihukumu peke yako chumbani. Mwendee anayeijua kazi hiyo, umuulize, hata kama unatetemeka. Na kama huwezi kumwendea, tafuta kwanza mtu atakayekaa nawe mpaka uweze. Utafiti si mbio za mtu mmoja. Mwenzako akiona ulichokiona, kazi yako haijafa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kuuliza na watu wa kukusikiliza, na kila ukichoka akukumbushe kwamba huku Mpanda tupo, na mlango uko wazi.