Marahaba ya Maabara

Cheka tu, lakini mikono hii inadanganya. Nina miaka arobaini na sita. Muulize yeyote hapa Mabatini, atakwambia mzee huyu ana themanini.

Ilikuwa ile miaka viwanda vya samaki vinaota ufukweni. Nilifagia maabara ya pamoja, chuoni kando ya ziwa. Darubini kubwa ya umeme, ile inayoonyesha visivyoonekana kwa jicho, ilikuwa moja tu. Vyuo, hospitali na viwanda viliingia kwa zamu ya daftari. Mwenye daftari Masanja. Namtaja, akashtaki. Kipande cha figo cha binti yangu Kabula, miaka tisa, kilisubiri wiki tano. Bila majibu, daktari hakujua ampe dawa gani, na mtoto anavimba.

"We bwana ufagio," Masanja alinijibu, "samaki wa wazungu kwanza. Figo yako haitakimbia."

Jumamosi moja mchana umeme ukakatika, wote wakaondoka. Nikaingia chumba cha darubini nilie peke yangu. Kioo chake kinawaka kijani! Umeme upi, niambie? Mbele yake amekaa mtu: koti jeupe, kofia, kitambaa cha mdomo, kama wanavyovaa wataalamu wa pale.

"Shikamoo, baba." Sauti ya kisichana.

Niamini, pale hakuna aliyewahi kumwamkia mfagiaji. Nikalainika. "Marahaba, mwanangu."

Akashusha kitambaa. Bibi kizee, mikunjo hadi midomoni. "Umeipokea mwenyewe," akacheka. "Basi mkubwa ni wewe."

Uso wake ukanyooka kama shuka chini ya pasi. Mgongo wangu ukapinda. Akatoka binti mbichi kabisa, mezani kaacha karatasi: jina la Kabula, na majibu.

Nikajikokota nayo hadi wodini. Daktari akaisoma, akabadilisha dawa, mtoto akapona. Siku alipoweza kukaa nilimpelekea uji. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, babu. Umemwona baba yangu?"

Nikamwambia baba yake ni mimi, akageukia ukutani. Dada yangu wa Igoma alikuja kumchukua. Naye aliniita mwongo, akanifukuza na uji wangu. Mpaka leo Kabula anamsubiri baba yake.

Masanja nimemwamkia shikamoo kila asubuhi, nikifagia mlangoni kwake, miaka yote hii. Hajawahi kuitikia, kwake mfagiaji si mtu. Nami nimechoka kumsubiri. Kwa hiyo mzee akikuamkia shikamoo njiani, mwanangu, pita kimya. Huenda ni mimi.