Makapera wa Tangi la Baba

Wenzangu mliokulia Kirumba miaka ile bomba lilipokuwa likikohoa hewa badala ya maji, bila shaka hamjazisahau ndoo. Ziwa tulikuwa tunaliona kutoka kila dirisha, na bado nyumbani hatukuwa na maji ya kunawa miguu. Tukitoka shule, sare tunaanika juu ya jiwe, ndoo kichwani, tunashuka mwaloni, kule ufukoni mitumbwi inakoshushia samaki. Tukirudi kilimani tumelowa mpaka kiunoni na nusu ya maji imebaki njiani. Lakini michezo hatukuacha. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tukaserereka kwenye majabali kwa vipande vya dumu mpaka kaptula zikatoboka makalioni, na jioni tukanuka jasho na dagaa kwa pamoja. Leo mtoto ukimtuma chumvi duka la jirani anakuuliza kama kuna nauli ya bodaboda.

Kwetu tulikuwa mapacha, Kulwa na mimi Doto, yeye wa kiume na mimi wa kike. Mama yetu, Mama Kulwa, alikuwa akipara na kupasua samaki pale mwaloni, na kisu chake kilikuwa kimelika kwa kunolewa mpaka kimekuwa chembamba mno. Akirudi na sato wa mchemsho, mimi ndiye niliyepewa kichwa. "Kula, Doto, akili ipande," alikuwa akiniambia. Hesabu hazikupanda, lakini kichwa cha sato nakipenda mpaka leo, na nikikiona kimeachwa kwenye sahani ya mtu hotelini moyo unaniuma.

Baba alikuwa mvuvi wa sangara. Yeye na mdogo wake, baba mdogo Masalu, walikuwa wakienda mbali, huko ambako vilima vya Mwanza havionekani tena. Tulipokuwa darasa la tatu dhoruba iliwapindua. Baba alishikilia dumu tupu la mafuta akaokolewa. Baba mdogo alipatikana siku ya nne, kwenye matete, na jeneza lake halikufunguliwa.

Baada ya matanga mama alimkalisha baba sebuleni na sisi tukiwepo. Hakupaza sauti. "Baba Kulwa, mimi nimemaliza kulia. Ukirudi majini, mimi na watoto hutatukuta hapa."

Baba akabaki nyumbani. Ninyi ambao mmewahi kumwona mwanamume wa ziwani akikaa nyumbani mnajua ilivyokuwa. Alikuwa akiamka alfajiri kama kawaida, anavaa, anafika mlangoni, halafu anakosa pa kwenda. Anazunguka nyumba. Anafagia uwanja ambao mama ameshaufagia. Nilikuwa namwonea huruma hata kabla sijajua kwamba mtoto anaweza kumwonea baba yake huruma.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la saruji la kukingia maji ya mvua, lenye ufa, ambalo sisi tulilitumia kujifichia tukicheza kombolela. Siku moja baba akaliziba ufa, akamwaga mchanga chini, akatangaza kwamba atafuga sato. Majirani walicheka sana. Kufuga samaki Mwanza, ziwa lenyewe likiwa hapo chini linakutazama! Mama hakucheka, na tangi hakulisogelea. Sisi ndio tulioumia, maana ndoo zikawa za samaki sasa.

Samaki wenyewe baba aliwapata kwa wenzake waliokuwa wakivua kwa ndoana karibu na ufuko. Akachagua kumi na wawili, kila siku mmoja au wawili, yule mkubwa kuliko wote waliovuliwa, mnene, mwenye mapezi yenye wekundu. Alichagua kama mtu anayechagua kitoweo. Sangara aliwajua vizuri, ila sato baba yangu aliwajua kwenye sahani tu.

Kisha akaja Mzee Bwire, mwenye mtumbwi, Mjita mmoja mpole aliyekuwa akituletea miwa. Mimi na Kulwa tulikuwa tunacheza mdako nyuma ya ukuta.

"Shikamoo, mzee," baba alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nafasi yako ipo. Nimeiweka."

Baba alilitazama tangi. "Ngoja vuli ipite," akasema. "Hawa wakizaa, nabaki. Wasipozaa, nakuja. Siwezi kukaa hivi."

Tangu siku hiyo mimi na Kulwa tulikuwa na kazi moja tu hapa duniani, samaki wazae. Tuliwapelekea pumba, makombo ya ugali, mchwa tuliookota njiani. Kulwa alisimama kwenye mafundisho ya Jumapili akaomba kwa sauti, "Na samaki wetu wapate ujauzito," mwalimu akamtoa nje. Mimi niliomba kimyakimya, maana niliogopa fimbo, lakini niliomba maneno yale yale.

Na dalili zilikuwa nzuri! Samaki walichimba mchanga kwa midomo, kila mmoja akatengeneza shimo lake la mviringo kama bakuli. Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Wanaandaa vitanda," akatuambia. Lakini wiki zikapita. Walifukuzana, wakang'atana mapezi, wakachimba tena, na hakuna hata kitoto kimoja. Mvua zikaanza kupungua. Asubuhi moja ya Jumamosi nikamkuta baba ameshusha koti lake la mvua kutoka kwenye msumari, analikung'uta vumbi.

Mama naye aliliona lile koti. Aliweka chini sufuria, akatoka, akalisogelea tangi kwa mara ya kwanza. Akasimama akiwatazama samaki, mikono kiunoni.

"Kila mmoja ana nyumba yake," akasema, "na hakuna anayeolewa. Baba Kulwa, hawa si ni makapera watupu?"

Baba hakuelewa. Mama akaniagiza gunia lililoloweshwa maji, pamoja na ile dawa ya zambarau, jivii. Wa rika langu mnaikumbuka. Ukiota vidonda mdomoni unapakwa, unakwenda shule umefanana na mtu aliyeiba zambarau, darasa zima linakucheka, na kesho yake nusu ya waliocheka nao wamepakwa. Mama akachomoa unyoya wa kuku, akamlaza samaki wa kwanza chali juu ya gunia, baba akamfunika macho kwa kitambaa chenye maji ili atulie.

Ni lazima niwaeleze jambo moja. Pale mwaloni kila mtu alimjua jike, lakini baada ya kumpasua. Ukiona mayai tumboni, umejua, naye keshakufa. Hakuna aliyehitaji kumjua akiwa hai. Mama ndiye aliyekuwa na miaka mingi ya kuona mayai yanatokea wapi pale tumbo la samaki linapobonyezwa. Akapaka ile dawa nyuma kidogo ya tumbo, kwenye kijinundu kidogo, akaipangusa kwa kidole. Dawa ikabaki kwenye matundu tu. "Angalia. Jike angekuwa na matatu, na moja katikati limekaa kama mkato wa kucha. Huyu ana mawili. Dume."

Wa pili, dume. Wa tatu, dume. Tulipofika wa saba mimi na Kulwa tulikuwa tunaitikia pamoja naye, "Dume!", tunacheka. Wa kumi na mbili aliporudishwa majini hatukucheka tena. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amechagua wakubwa, na kwa sato dume ndiye anayewahi kukua. Kwa mkono wake mwenyewe aliwaacha majike wote.

"Basi," akasema. "Ndiyo imekwisha."

"Haijaisha," mama akasema. "Bwire hajaja bado."

Kesho yake alfajiri mama alishuka mwaloni na ndoo, unyoya na chupa ya jivii. Kulwa na mimi tulimfuata. Akaiendea mitumbwi mmoja baada ya mwingine, anaomba samaki walio hai, anawalaza chali na kuwapaka. Wanaume walivunjika mbavu. "Mama Kulwa, siku hizi sato wanaugua midomo upande wa nyuma?" Mama alikuwa mtu mwenye haya, ambaye hata kanisani alikaa kiti cha mwisho. Siku hiyo alicheka nao, akaendelea kupaka. Tulirudi na majike watano, wadogo. Baba alipowaona alikunja uso, lakini hakubisha. Tukaacha madume wawili, wengine kumi tukawala. Wiki nzima ilikuwa ugali na makapera.

Siku kumi hivi baadaye jike mmoja akaacha kula. Akajitenga pembeni, taya limevimba. Baba akamshika. "Huyu ana ndoana kooni," akasema, na tayari kidole kiko mdomoni mwa samaki, kama alivyozoea kwa sangara.

"Mwache!" Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Amebeba! Sato anatunzia mayai mdomoni. Mimi nawakuta wakiwa nayo kila siku."

Baba akamrudisha majini kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Mzee Bwire alipokuja Jumatatu kumchukua, koti la mvua lilikuwa mkononi mwa baba. "Mzee wangu, nivumilie kidogo," akasema. "Nangoja samaki wangu afungue mdomo." Bwire alimtazama, akamtazama mama aliyesimama mlangoni, akaondoka bila kuuliza.

Samaki akafungua mdomo asubuhi moja sisi tukijiandaa kwenda shule. Baba alituita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Kulikuwa na wingu dogo la vitoto vyeusi mbele ya uso wa yule jike. Kivuli cha Kulwa kilipogusa maji, vyote vikaingia mdomoni mwa mama yao kwa mara moja. Tulichelewa shule, tukachapwa, na viboko vile sikuvisikia kabisa. Jioni baba akapanda kwa Bwire na kumwambia nafasi ampe mtu mwingine.

Juzi nilikwenda Igoma kumtembelea kijana wa Kulwa. Naye anafuga sato. Ana matangi makubwa ya turubai, pampu inayonguruma, na simu inayomwambia maji yana joto kiasi gani, maana kuchovya mkono mwenyewe siku hizi ni ushamba. "Shangazi," akaniambia kwa fahari, "mimi naweka madume matupu. Majike wanazaa ovyo, samaki wanadumaa." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kile kilichotutoa machozi sisi, wenzetu leo wanapanga foleni kukinunua! Na kijana hakukosea. Tangi letu lilijaa watoto wa watoto, na samaki hawakuzidi kiganja changu.

"Sasa nyie mlikuwa mnavuna kilo ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia hatukuwahi kupima. Akanionea huruma, nikaona. Akasema ile haikuwa biashara.

Haikuwa. Baba alizeeka pale pale nyuma ya nyumba, akiwamwagia samaki pumba. Alifariki mwaka juzi, kitandani kwake, mama amemshika mkono. Wanawake wa mwaloni walipokuja kumpa pole, mama alifuta machozi akawaambia, "Wangu nimemzika mkavu." Wale wanawake wakamkumbatia, na wawili kati yao, ambao waume zao walichukuliwa na ziwa, wakaangua kilio kikubwa kuliko chake.

Nilitaka kumweleza kijana neno lile, nikaacha. Alikuwa anatazama simu yake, joto la maji limeshuka kidogo. Yeye hajawahi kusimama mwaloni akingoja mtumbwi.