Chaji ya Joska

Joska Amony aliwachukia watu wanaosifu kompyuta kwa wembamba wake. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya wanawake waliopigwa, katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria huko Katwe, na alichotaka ni chaji. Ndiyo maana alichagua ile ambayo kibodi yake inachomoka: betri kubwa imo ndani ya kibodi, na ikiunganishwa inadumu siku nzima. Ukiichomoa, skrini inabaki na betri ndogo isiyofika mbali.

Siku moja umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Latifah, mteja mpya, mdomo umevimba, alikaa mbele yake. Kila Joska alipobonyeza kibodi, Latifah alishtuka, akaitazama skrini iliyosimama kati yao.

"Dada, nani alikupiga?"

Latifah akaitazama skrini tena.

Joska aliuma meno. Akachomoa skrini, akailaza mezani, akashika kalamu yake ya kuandikia juu ya skrini. Hapo Latifah akaanza. Alisimulia fimbo, mlango uliofungwa, watoto waliokuwa wakitazama. Alama ya chaji ikawa nyekundu. Mkono wa Joska ulienda kwenye kibodi, ukarudi. Akiiunganisha tena, huyu atanyamaza.

"Bado kidogo, mashine mjinga wewe," alifoka kimoyomoyo.

Skrini ikazimika.

Kabla hajalaani, Latifah aliinama, akaigusa ile skrini nyeusi kwa kidole.

"Imezima kabisa, mama?"

"Kabisa."

"Basi nitakutajia jina lake."