Mjomba Hakuja Kwenye Kitabu

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu binti yangu, kazi yake ni kusoma vitabu vya watu na kuvisemea. Usicheke, ni kazi. Anasoma, halafu anaandika kwenye simu: hiki kizuri, hiki kinachosha, hiki mwandishi kasinzia katikati. Na watu huko waliko wanamfuata. Mimi shule niliishia darasa la pili. Haya namsimulia, yeye ndiye anayaandika, kwa hiyo ukiona mahali pamenyooka mno ujue hapo katia mkono wake.

Alikuja kukaa na mimi kule milimani Matombo wakati wa karafuu. Begi la nguo dogo, begi la vitabu kubwa. Vya Australia vyote, rafiki yake anayesoma huko ndiye kamtumia.

"Australia ndiyo wapi?"

"Mbali, Bibi. Kule kwenye kangaruu."

"Na wao wana hadithi?"

"Tele."

"Haya, mke mwenzangu, toa."

Basi ikawa ndiyo starehe yetu. Mimi nachambua karafuu kwenye ungo, natoa vikonyo, yeye kakaa kizingitini anasoma Kiingereza chake kimoyomoyo, halafu ananigeuzia Kiswahili. Jamani, nilifurahi! Tangu marehemu babu yao aondoke sijapata mtu wa kuniongelesha mchana kutwa namna ile.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mwanamke anaogelea baharini. Leo anaogelea, anawaza. Kesho anaogelea, anawaza. Nikauliza, "Huyu hana hata mtu wa kumwambia toka majini utashikwa homa?"

"Ndiyo maana yake, Bibi. Ni upweke."

"Upweke gani wa kitabu kizima? Aje achote maji hapa kwetu, ataomba mwenyewe watu wanyamaze."

Akaliandika hilo. Cha pili kina Krismasi ya jua kali, watu wanakula nje, nzi wanasumbua. Akasema wasomaji wa Ulaya wanaishangaa sana Krismasi hiyo. Nikamwambia, "Kwani kuna ya baridi?" Alicheka mpaka kitabu kikamponyoka.

Cha tatu ndicho kilichonishika. Bibi kizee, mjane, ana shamba la kondoo. Mvua imewagomea. Mtoto wake wa kiume yuko mjini, anataka shamba liuzwe, mama apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama hataki. Kila Jumapili mtoto anapiga simu, kila Jumapili mama anamzungumzia mbwa tu, simu inakatwa.

Mimi nikatulia kabisa. Nilijua litakavyokwisha. Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, lukolo. Shamba langu nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake. Mtoto wa kiume atakula ndizi, atabeba mkungu, lakini kuuza, thubutu! Likitokea neno anaitwa mjomba, kaka wa mama. Anapewa kigoda, anakunywa chai, anasema, limekwisha. Kwa hiyo nikakaa nikamngoja mjomba.

Mjukuu anafungua ukurasa, nauliza, "Kafika?"

"Nani, Bibi?"

"Mjomba."

"Hayumo."

"Atakuja. Mtu wa mbali huyo, labda barabara mbovu kama hii yetu."

"Bibi, kwao hakuna mambo hayo."

"Sasa nani anamwambia yule kijana funga mdomo?"

Akachukua simu. Kisha akaandika kwenye ukurasa wake kwamba bibi yangu wa Uluguru anauliza mjomba yuko wapi. Mwee! Watu walilipenda. Simu inalia ti, ti, ti, kila saa mtu kacheka. Nami nikajiona mtu mkubwa, nikawa naongeza sauti ili na jirani asikie: "Mwandikie na hili!"

Yule bibi wa kondoo akaja akaanguka, akiwa peke yake, karibu na tangi la maji. Alilala pale chini usiku mzima mbwa anamlinda. Hapo mjukuu alifunga kitabu. Nikasema, endelea. Akasema, "Kesho, Bibi."

Kesho yake mvua ilinyesha. Nilikuwa natoka chooni, ule udongo mwekundu wa kwetu ukaniteleza, nikaenda chini kama gunia. Sikulala pale usiku mzima mimi, hata dakika hazikupita, mjukuu alikuwa jikoni. Alitoka mbio uso umempauka. Goti likavimba likawa kama fenesi changa. Nikamwambia, "Kanda na maji ya chumvi, tumalizie kitabu."

Akanikanda. Halafu akaenda nyuma ya nyumba na simu.

Kumbe alimpigia mjomba wake. Na mjomba wake ni nani? Si ni mwanangu! Mwanangu wa kiume wa Mwembesongo, kule mjini, ambaye mwaka wa ngapi huu ananiambia shuka mama, shuka mama, nami namzungumzia kuku. Kesho yake akaja na pikapu ya rafiki yake, matope mpaka kwenye kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chai ipo."

Akakaa kwenye kigoda. Yesu na Maria, nilipomwona kwenye kile kigoda ndipo nilipoelewa. Akanywa chai. Akasema, "Shamba haliuzwi, hilo halina mjadala. Shamba ni la huyu." Akamnyooshea mpwa wake. "Lakini wewe, mama, leo unashuka."

Nikamtazama mjukuu aseme neno. Mwenye shamba ni yeye! Machozi yanamtoka. "Bibi, mimi narudi Dar. Ungeanguka sipo?"

Kaka zangu wote wameshazikwa. Ningemwita mjomba gani tena, na mjomba ndiye huyo kakaa mbele yangu, anapuliza chai?

Nikabebwa mgongoni mpaka kwenye gari kama mtoto. Njiani, Mkuyuni, tulisimama wakaninunulia machungwa. Nilikataa, halafu nikala.

Kitabu alikimalizia Mwembesongo kabla hajarudi Dar. Shamba la kondoo liliuzwa. Yule bibi yuko dirishani, anahesabu mapaa ya majirani. Basi. Mjukuu akasema mwisho mzuri ule, una ukweli, ndivyo alivyouandika.

Nikamwambia, "Lile swali langu la mjomba, lifute."

"Ndilo wanalolipenda kuliko yote, Bibi."

"Lifute. Waambie mjomba alikuja."

Hajalifuta mpaka leo, na mimi simu yenyewe sijui hata kuiwasha. Ananitumia sauti yake, mkwe, mke wa mwanangu, ananishikia simu sikioni, nasikiliza vitabu vingine vya huko huko Australia. Mkwe wangu mwema, chai yake tamu. Karafuu za kule shambani anachuma jirani.

Juzi mwanangu aliniletea karafuu za dukani, kwenye kikaratasi. Alijua nitafurahi, na kweli nilifurahi. Nikaomba ungo, nikazimwaga, nikamwambia mkwe aweke sauti ya mjukuu. Nikaanza kuchambua. Nikapitisha mkono, nikapitisha tena. Hazina hata kikonyo kimoja.