Jua la Bondeni

Nyumba yetu ndiyo iliyomzibia Bi Sheikha jua, na sitaki lawama. Mume wangu aliongeza ghorofa juu kabla ya vita kwa sababu watoto walikuwa wametujaa hata pa kutandika mkeka hapana. Wakati huo hakuna mtu Mji wa Kale aliyeweka kitu roshanini isipokuwa nguo za kuanika. Uchochoro wetu ulikuwa mwembamba, na roshani yangu na yake zilikaribiana hata tukipeana chumvi bila ya kushuka chini. Basi kila kilichotendeka kwake nilikiona, na nisichokiona nilikisikia.

Ukitaka kumjua Bi Sheikha, jua kwanza kuwa alikuwa mke wa kwanza. Mumewe, Bwana Zein, alikuwa na duka la vitambaa Ndia Kuu, na alipooa mke wa pili, Khairiya, alimpa Bi Sheikha heshima ya kuchagua nyumba. Kulikuwa na hii ya mawe, ya ghorofa, yenye mlango wa nakshi, na nyingine ya makuti kule Bondeni, yenye ua mpana na kisima nyuma. Bi Sheikha hata hakwenda kuitazama hiyo ya pili.

"Mimi nikalale tini ya makuti?" aliniambia. "Huyo mwana wa juzi naende yeye akapigwe na jua."

Tulicheka sana siku hiyo.

Bwana Zein alikuwa mwadilifu, uadilifu wa kuchosha. Siku mbili huku, siku mbili kule. Akileta doti ya kanga huku, nyingine ya rangi ile ile imekwenda Bondeni. Sukari, ambayo wakati wa vita ilikuwa adimu kuliko dhahabu, aliigawa kwa mizani ya dukani mpaka chembe ya mwisho. Kwa hivyo Bi Sheikha alipotamani mti wa asumini, apate maua yake mwenyewe ya kutungia kikuba cha kuweka kifuani siku za zamu yake, nilijua mti hautakuwa mmoja. Bwana Zein alinunua miche miwili kwa Katana, Mgiriama aliyekuwa akileta miche sokoni, akaipanda katika madebe mawili ya mafuta ya taa. Debe moja likaja kwetu uchochoroni, la pili likaenda Bondeni.

Hapo ndipo raha yangu ilipokwisha. Kila asubuhi nilimsikia Bi Sheikha akilikokota lile debe sakafuni, kwaruza kwaruza, akifuata kipande cha jua kilichoingia pembeni mwa roshani yake kikakaa kidogo kikaondoka. Akaunywesha mti maji ya kuoshea mchele. Akautilia mashapo ya kahawa, na maji ya samaki, tukanuka uchochoro mzima. Mti ukarefuka, ukatoa majani mapana ya kijani kibichi, ukajizungusha kwenye nguzo za roshani kama unaotafuta mlango wa kutokea. Ua, hata moja.

Akachukua kioo cha kujitazamia akakifunga juu ya kimia cha mbao cha roshani ili kivute jua kiliangushe kwenye debe. Jua likaja kwangu, likanimulika machoni nikimnyonyesha mwanangu. Nikamwambia akiondoe. Naye akaniuliza, uso mkavu, kama mume wangu hawezi kuupunguza ukuta wa juu kidogo tu.

"Kidogo kama nini, Bi Sheikha?"

"Kama dhiraa mbili hivi."

Sikumsemesha wiki nzima. Watu wana kichaa.

Lakini lililomtia uchungu zaidi halikuwa ukuta wetu. Kila zamu yake ilipofika, Bwana Zein aliingia akinukia asumini. Kanzu yake ilinukia, kofia yake ilinukia. Huko Bondeni mti wa Khairiya ulikuwa umejaa maua hata ukiwagawia majirani, na Khairiya hakuusumbukia kwa chochote zaidi ya kata ya maji ya kisimani. Bi Sheikha akikaa usiku na mume anayenukia maua ya mwenzake, asubuhi anaamka kulikokota debe la majani matupu. Nilipomsikia akilia peke yake nyuma ya madirisha, nilimsamehe ule upuuzi wa ukuta.

Siku moja uvumilivu ukamwisha.

"Bwana Zein, wewe wasema watugawia sawa?"

"Alhamdulillahi, najitahidi," akajibu Bwana Zein. "Mte mmoja na mte mmoja. Debe na debe. Hata mtanga niliuteka mahali pamoya."

"Na jua je?"

"Jua ni la Mungu, Bi Sheikha."

"Basi hilo la Mungu lote umempa mwenzangu!"

Nilimwonea huruma yule bwana, kwa kuwa neno hilo lilimgusa palepale alipokuwa akijivunia. Angeweza kumkumbusha kwamba nyumba aliichagua mwenyewe. Hakumkumbusha. Jambo hilo Bi Sheikha alilijua, na nadhani ndilo lililomfanya apige kelele zaidi.

Wakakubaliana debe nalo liende zamu. Akienda Bondeni, aende nalo. Akirudi, arudi nalo. Mwenye duka Ndia Kuu, mtu wa makamo, akawa anafuatana na hamali mwenye mkokoteni na mti juu yake, na vijana wa kahawa wakimuuliza kama leo anahamisha mke au shamba. Mti ulitoa vichipukizi vya maua huko juani, ukarudi kivulini ukavipukutisha vyote. Bi Sheikha aliviokota sakafuni kimoja kimoja akavitia katika kiganja, akanionyesha.

Mwishowe akameza alichokuwa hataki kumeza. Debe likabaki Bondeni, katika ua wa Khairiya, Bi Sheikha ameufunga mti wake uzi mwekundu shinani ili maua yake yasichanganyike na ya mwenzake. Mti ulipochanua, Bwana Zein alimletea maua yake, yamefungwa katika jani la mgomba. Bi Sheikha alinipigia kelele roshanini niyaone. Sijamwona na furaha kama ile. Alikaa asubuhi nzima akatunga kikuba, akatia na vijani vya mrehani nilivyompa mimi, akaoga, akajifukiza udi, akavaa kanga mpya.

Bwana Zein alikuja adhuhuri, akala, akajinyosha kitandani. Madirisha yalikuwa wazi kwa joto. Bi Sheikha aliketi kando yake akimpepea, na mimi nilikuwa kwangu nikichambua mchele, nikisema moyoni haya, leo na sisi majirani tutapumzika. Harufu ilifika mpaka kwangu.

Nikamsikia Bwana Zein akivuta pumzi ndefu, sauti imelemewa na usingizi, tamu, sauti ambayo sikupata kuisikia katika nyumba ile miaka yote.

"Khairiya," akasema, "nipe maji, mpenzi."

Mikono yangu ikasimama ndani ya ungo. Nilingoja kelele. Sikusikia kelele. Nilisikia kata ikigonga mtungi, na maji yakimiminwa katika gilasi, na Bwana Zein akinywa na kushukuru. Sidhani kama alifumbua macho.

Baadaye Bi Sheikha akatoka roshanini. Kikuba alikuwa bado nacho kifuani.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia nini? Mimi nachambua mtele."

"Umesikia," akasema. Akakibandua kikuba, akakishika mkononi, akakinusa. "Mwaka mzima, Bi Mwanaesha. Mwaka mzima nahangaika ninukie kama yeye."