Siku Niliyokimbia Kumwosha Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja kwetu Likoni, miaka ya tisini ikianza, nilipodanganya juu ya jambo ambalo mwanamke hadanganyi. Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mdomo mwepesi kuliko akili.

Zuhura, shoga yangu tangu chuo cha Kurani, alikuwa amefariki nyumbani kwa mamake. Ukimwi. Siku hizo redio ilisema dunia nzima haina dawa yake, na ukutani kwenye zahanati yetu palibandikwa picha ya fuvu. Jina la ugonjwa tulilijua kabla hatujajua unavyoambukiza. Majirani wakafunga milango. Zuhura alikuwa azikwe adhuhuri, na wa kumwosha hawakupatikana.

Bi Mwanahamisi, mwosha maiti wa mtaa aliyenifundisha kazi ile, akaja mlangoni kuniita. Nikampa shikamoo yake, kisha nikasema, "Bi, mimi leo sisali."

Kwetu mwanamke akisema hivyo, yaani yumo katika siku zake, haulizwi zaidi, wala haitwi kuosha maiti. Lakini Bi aliniuliza.

"Na ule udhu niliokuona ukitia alfajiri, ulikuwa wa kuchezea maji?"

Aibu ilinishika hadi masikioni. Ningalipenda anigombeze, yaishe. Yeye akaketi barazani, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Nyanyangu alinihadithia," akasema. "Ndui ilipoingia huku, watu walikimbilia mashamba wakawaacha maiti wao ndani. Waliporudi, wallahi, hawakuweza kutazamana. Ndipo wakaahidiana: mtaa huu hakuna atakayezikwa bila kuoshwa, na kila msichana afundishwe. Nawe nilikufundisha kwa ajili hiyo. Ulidhani ni kwa nini?"

Akafungua fundo la leso yake, akatoa jozi mbili za glavu za mpira. "Muuguzi kasema tuvae hizi. Basi twende tukavae. Mwosha huoshwa, mwanangu."

Nilikwenda. Mama Zuhura alikuwa peke yake chumbani, kata ya maji mkononi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Niliosha kwa ncha za vidole mpaka nilipofika goti la Zuhura, nikaliona kovu la siku tulipoanguka mimi na yeye tukikimbilia feri. Hofu ikaniisha. Nikalia, na huku naosha.

Mwanangu, maradhi mengine yatakuja, na kila nchi itayapokea kwa yale iliyokwisha kuyapitia. Sisi tulishawahi kukimbia, tukaujua uchungu wake. Kwa hiyo wasikilize wauguzi, na wakikwambia vaa, vaa. Mila zetu hazikukataza mtu kujikinga. Ila usiifanye hofu ya ulimwengu, wala dini yako, kuwa kisingizio cha kumkimbia jirani. Mimi nilijaribu, na hadi leo nikitia udhu wa alfajiri namkumbuka Zuhura.

Mola akupe umri mrefu na afya. Na siku yako ikifika, usikose mikono ya kukuosha.